Mihuri Kumi na Tisa na Siku Nne Bila Tusi

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Joto la kungojea mvua. Tangu asubuhi mawingu yamejikusanya upande wa Igalula, yakasimama, yakatuangalia, kisha yakaenda zake kama wakwe waliokuta chungu hakijaiva.

Leo ni siku ya nne sijatukanwa.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaisoma tena, na naona kabisa kwamba mgeni wa mji huu angenipa hongera. Siku nne nzima, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, hajatajiwa babu yake wala miguu yake wala namna anavyokula. Lakini mimi sina raha, shajara. Leo asubuhi nimeshona suruali yenye miguu miwili ya kushoto, na nimegundua baada ya kuipiga pasi.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati hata mimi nitapotea.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la Bwana Nassoro, muuza vitambaa, tangu siku ambazo bendera ya wakoloni ilikuwa bado inapepea bomani. Sijawahi kulipia baraza lile, wala yeye hajawahi kulitaja. Yeye anauza kitambaa ndani, mimi nashona nje. Mtu akikata khaki yake, akitoka mlangoni ananikuta mimi. Mtu akija kwangu na mwili lakini hana kitambaa, namwelekeza kwa kidole gumba nyuma yangu. Mambo yameenda hivyo hadi watu wengine wanadhani tumezaliwa tumbo moja, ingawa yeye ni mweupe wa kahawa ya maziwa na mimi ni kahawa yenyewe.

Babu yake alikuja hapa na msafara kutoka Pwani, Mzaramo. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi mpagazi, alikwenda Pwani na kurudi na mzigo begani sijui mara ngapi, na ilipokwisha kazi hiyo akabaki na bega moja chini kuliko jingine. Basi sisi ni watani. Wazee wetu walitukanana njia nzima ili mzigo uwe mwepesi, wakatuachia matusi hayo kama urithi, kwa kuwa urithi mwingine hawakuwa nao.

Kila asubuhi ninapoinua kifuniko cha cherehani, Bwana Nassoro hutokeza kichwa mlangoni.

“Mpagazi, umefika? Nani kakutua mzigo?”

“Nimefika, mla nazi. Babu yako bado yuko Ugogo, kakaa chini, anangoja abebwe.”

“Babu yangu alibebwa na babu yako. Uliza bega.”

Hiyo ndiyo habari yetu ya asubuhi. Wapita njia hawageuzi hata shingo.

Tangu Jumatano, ninapoinua kifuniko, kichwa kinatokeza vilevile, kofia ileile ya kufuma, na kinasema: “Habari za asubuhi, Bwana Ramadhani.”

Bwana Ramadhani.

Nilitazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine mwenye jina hilo.

Chanzo cha yote ni kadi. Miezi miwili iliyopita, ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi, lilifunguliwa duka la Bwana Festo. Ni mtu wa hapa hapa, mtoto wa misheni, aliyekwenda kufanya kazi Dar es Salaam akarudi na suruali nyembamba na maarifa. Anauza sukari, sabuni, viberiti, mafuta ya taa, na vikorokoro vingine. Nilikwenda kwake siku ya kwanza kutazama tu. Naapa nilikwenda kutazama tu.

“Karibu, mzee. Jina lako nani?”

Nikamwambia. Akatoa kadi ya kijani ya karatasi ngumu, yenye viboksi ishirini, akaandika jina langu kwa mwandiko mzuri wa padri. Juu ya jina palikuwa pameshapigwa chapa, kwa herufi kubwa: MTEJA MWAMINIFU.

“Sijanunua kitu bado,” nikamwambia.

“Utanunua, mzee. Kila ukinunua vitu vya shilingi mbili nakugongea muhuri mmoja. Viboksi vikijaa vyote, unachukua ile pale.” Akaonyesha rafuni. Ilikuwa chupa ya chai, ile inayotunza moto, nyekundu, imechorwa maua ya waridi na ndege wawili. “Bure kabisa. Huu ndio ujamaa wa dukani. Mwenye duka na mteja ni ndugu.”

Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, na pale hawakunipa cheti kwa sababu niliondoka kabla ya kutolewa. Hiyo kadi ilikuwa karatasi ya kwanza maishani mwangu iliyonisifu kwa maandishi. Niliishika njia nzima hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Mke wangu, Mama Mwajuma, aliisoma, akaigeuza, akaisoma upande wa pili ambao hauna kitu.

“Nani kakuandika hivi?”

“Festo.”

“Amekujua tangu lini?”

“Tangu saa nne.”

“Mimi nimekujua miaka kumi na minane na sijaandika neno hili popote.” Akanirudishia, akaendelea kuchambua mchele.

Lakini nilimwona baadaye akipanga vizuri vikombe vyetu kwenye ubao wa ukutani, akiacha nafasi katikati. Nafasi ya kitu kirefu.

Sasa nikiri, maana daftari hili ni langu na hakuna anayelisoma ila panya.

Kabla ya kadi, nyumba yetu ilikuwa na njia zake. Sukari tunanunua ikiisha. Sabuni tunanunua ikiwa kipande kimebaki kama kucha. Baada ya kadi, mimi Ramadhani nilianza kuingia dukani nikiwa na haja ya kiberiti na kutoka na mkoba. Ukifika shilingi moja na nusu, unasikia uchungu. Kiboksi kinakutazama. Basi unazungusha macho: niongeze nini? Nikaongeza buluu ya kufulia nguo nyeupe, na nguo nyeupe nyumbani ni kanzu yangu moja ya Ijumaa. Nikaongeza dawa ya viatu, mimi mvaa makubazi. Nikaongeza mshumaa, na mshumaa mwingine wa kuambatana nao. Viberiti tulivyo navyo sasa, tukiamua, tunaweza kuwasha moto kutoka hapa hadi Isikizya bila kurudia njiti.

Kila nikitoka, muhuri wa twiga mdogo wa zambarau umekaa kwenye kiboksi, na pembeni yake Bwana Festo ameandika kwa mkono alichoniuzia. Ni mtu makini. Sukari. Sabuni. Buluu. Buluu.

Mama Mwajuma ndiye aliyesema jambo ambalo hadi leo sijalitatua. Alisimama mbele ya sanduku la vitu vyetu akasema, “Baba Mwajuma, sisi siku hizi tunanunua mihuri. Sukari ndiyo tunapewa bure.”

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Halafu kesho yake nikaenda kununua sabuni.

Yote hayo, lakini, hayakuwa kosa kwa mtu yeyote isipokuwa mfuko wangu. Bwana Nassoro hauzi sukari wala buluu. Aliniona nikivuka barabara akacheka, akasema mpagazi ukimwonyesha mzigo hata wa viberiti lazima aubebe. Tukaenda hivyo, vizuri tu.

Kisha Bwana Festo akaleta nyuzi.

Hapa kalamu inakuwa nzito. Bwana Nassoro anauza nyuzi. Nyuzi za cherehani yangu, tangu siku nilipokaa pale, zimetoka kwenye kasha lake: nanyoosha mkono dirishani bila kugeuka, yeye anaweka uzi kwenye kiganja, tunahesabiana mwisho wa wiki au hatuhesabiani. Nyuzi zake zina karatasi ya bluu kichwani. Za Bwana Festo zina karatasi nyekundu. Bei ni ileile. Siwezi kujitetea hata kwa senti moja.

Nilikuwa nimebakiwa na viboksi vitatu.

Nilinunua. Nikazungukia nyuma, kwa njia ya sokoni, nikatokea upande wa pili kama mtu aliyetoka msikitini. Nikafunga uzi wenye karatasi nyekundu kwenye cherehani, juu yake nikatundika kitambaa kama ninauzuia vumbi. Wiki ile nikafanya hivyo mara mbili. Nilikaa kwenye baraza la mtu, kwenye kivuli cha mtu, nikishona khaki ya mtu kwa uzi wa jirani yake. Na ule uzi, sijui kama ni adhabu au ni kiwanda, unakatika kila mishono mitatu.

Mihuri ikawa kumi na tisa.

Jumanne tulikuwa na mkutano wa nyumba kumi. Hufanyika palepale kwenye baraza letu kwa sababu mchana jua linatupisha. Balozi wetu, Mzee Mihambo, ni mtu mwema mwenye sauti kubwa na miwani yenye kioo kimoja. Aliongea kuhusu kujitegemea, akaongea kuhusu shamba la pamoja na nani aje na jembe, kisha akasema kabla ya yote anataka kuona kadi. Kila mtu anajua kadi maana yake nini. Ukisema kadi Tabora hii, siku hizi, hakuna anayeuliza kadi ipi. Ni ya Chama. Ya kijani, karatasi ngumu, ina viboksi vya ada ya kila mwezi.

Nikaingiza mkono katika mfuko wa shati, nikatoa kadi ya kijani, ya karatasi ngumu, yenye viboksi.

Mzee Mihambo aliipokea, akaisogeza karibu na kile kioo kimoja, akaisogeza mbali, mwishowe akapitisha kidole juu ya mihuri kama anayesoma kwa kugusa.

“Jamani, tazameni hapa,” akasema. “Nyinyi nawafuata majumbani kama mganga anayedai kuku. Mwenzenu huyu, fundi masikini, viboksi vimejaa. Vimejaa. Kimebaki kimoja.”

Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nikaguna pia. Nilikuwa bado sijaelewa, nilifikiri labda nililipa nikasahau. Ndivyo mtu anavyopenda sifa.

“Miwani hii hainifai,” akasema Mzee Mihambo. “Bwana Nassoro, hebu tusomee jina lake kamili, tumpigie makofi.”

Na akampa Bwana Nassoro kadi.

Wakati huo ndipo mkono wangu ulipopapasa mfuko na kukuta kadi nyingine bado imo.

Bwana Nassoro alisoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko jina langu lilivyo. Nilimwona macho yakishuka kiboksi kwa kiboksi: sukari, sabuni, buluu, buluu, mshumaa. Yakafika chini. Yakasimama. Najua yaliposimama. Panasomeka vizuri, mwandiko wa padri: uzi. Uzi.

Angeweza kusema lolote. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Ningekuwa mimi ningepanda juu ya kiti. Ningesema jamani njooni muone mpagazi aliyebeba uzi wa Festo kwenye baraza la Nassoro, ningeicheka habari hiyo hadi mvua inyeshe, na angeicheka pia, na mambo yangeisha.

Yeye akaikunja kadi katikati.

“Ramadhani, fundi,” akasoma. “Mwaminifu.”

“Mmesikia?” akasema Mzee Mihambo. “Mwaminifu. Pigeni makofi.”

Wakapiga. Bwana Nassoro naye akapiga, taratibu, kisha akanirudishia kadi ikiwa imegeuzwa uso chini ili mtu asiione.

Sijawahi kupigiwa makofi machungu namna ile.

Sasa, shajara, nieleze wewe, maana mimi nimeshindwa. Alinisitiri au alinihukumu? Kama ni kunisitiri, mbona hajanicheka baadaye tulipobaki wawili? Na kama ni kunihukumu, mbona alinitetea mbele ya watu?

Jumatano ndiyo hiyo ya “Bwana Ramadhani”. Nikasema labda ana kichwa kinamuuma.

Alhamisi nikaamua kuanza mimi. Nikamtupia: “Mla nazi, leo umeamka umejaa upepo kama ngoma ya kwenu.” Nilikuwa nimeitunga tangu alfajiri. Yeye akasimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa. “Alhamdulillahi, mzima. Na nyumbani, hawajambo?”

Hawajambo, nikasema. Nifanye nini? Mtu akikuuliza nyumbani hawajambo unasema hawajambo.

Jana Ijumaa alipita muuza kahawa. Sisi siku zote tunanunua kikombe kimoja, tunapokezana, na anayekunywa wa pili anamlaumu wa kwanza kwa ndevu zake. Jana Bwana Nassoro alinunua viwili. Changu akaniletea mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili, kama ninavyompa kahawa baba mkwe wangu.

Sikuimaliza.

Nilipomsimulia Mama Mwajuma, alisema jambo lililo wazi kwa kila mtu isipokuwa watani. “Nenda kamwombe radhi.”

“Mtani haombwi radhi,” nikamwambia. “Ukimwomba radhi mtani, umeshamwambia kwamba si mtani tena, ni mtu tu uliyemkosea. Utakuwa umeuzika utani wewe mwenyewe.”

“Basi usimwombe.”

“Nisipomwomba nitabaki Bwana Ramadhani.”

Akafikiri. “Basi nenda kwa Festo kamalizie huo muhuri, tupate chupa. Urafiki umeshalipia, usije ukapoteza na chai.”

Alisema kwa utani, lakini jicho lilikwenda kwenye ile nafasi kati ya vikombe. Na mimi pia jicho langu lilikwenda. Nikisema siitaki tena ile chupa nitakuwa mwongo. Naitaka. Nimekaa na mihuri kumi na tisa kwenye droo ya cherehani na kila nikivuta droo kuchukua vifungo, twiga kumi na tisa wananiuliza unangoja nini. Nikiacha sasa, buluu yote ile niliinunua kwa ajili gani? Na nikimaliza, nitakunywaje chai ya moto ndani yake huku nikijua iligharimu nini?

Mtu mwenye akili angekuwa ameshaamua. Mimi napima kila asubuhi kama kitambaa, na kila asubuhi kipimo kinatoka tofauti.

Na lile neno. Nalo linanisumbua. Bwana Festo aliniita mwaminifu kabla sijanunua hata njiti, nikamwamini, nikaanza kujenga uaminifu huo kwa nguvu zangu zote, shilingi mbili kwa mbili. Bwana Nassoro hakuniita hivyo hata siku moja. Ameniita mpagazi, mlafi, bega pinda, na majina ambayo siwezi kuyaandika hata mbele ya panya. Aliponiita mwaminifu kwa mara ya kwanza, ndipo nilipokuwa siyo.

Leo sasa.

Leo mchana ule uzi wa karatasi nyekundu uliisha. Nilifurahia kuisha kwake kama mgonjwa anayefunguliwa bandeji. Nikabaki na cherehani tupu na kanzu ya mtu ya harusi ya kesho. Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini: uzi, na kiboksi cha mwisho, na chupa. Nyuma ya mgongo wangu, hatua tatu: uzi tu.

Nilikaa kidogo. Si kwamba nilifikiri. Nilikaa tu.

Kisha nikanyoosha mkono dirishani bila kugeuka, kama zamani, kiganja juu.

Hakuna kilichowekwa.

Nikasubiri mpaka mkono ukachoka. Nikageuka. Bwana Nassoro alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya kukatia, ananitazama kwa upole kabisa, upole wa mtu anayengoja mteja ajieleze. Kwa hiyo niliinuka, nikaingia. Nikaingia kwa mlango, mimi, kwenye duka lile. Hata nilitamani kusema hodi.

“Naomba uzi,” nikasema.

“Rangi gani, bwana?”

Anajua rangi. Amekuwa akinipa uzi tangu kabla hatujawa na Taifa. Kanzu nyeupe imelala kwenye cherehani, anaiona kutoka alipo.

“Mweupe.”

Akatoa kasha. Akachagua uzi, akaupangusa vumbi lisilokuwepo, akachana kipande cha gazeti. Akaufunga uzi mmoja, mdogo kama kidole, kwa gazeti, akapitisha kamba, akatia fundo zuri. Nikamlipa palepale, akanipa chenji kwa mkono wa kulia, na akasema kwa sauti ileile anayowaambia watu wanaoshuka treni:

“Ahsante sana. Karibu tena.”

Nilitoka, nikakaa mahali pangu, hatua tatu kutoka kwake, nikiwa na kifurushi mapajani. Karibu tena. Mtu anamkaribisha tena yule anayeondoka. Mimi sikuwa nakwenda popote. Au labda nilikwisha kwenda, na yeye ndiye aliyekuwa na adabu ya kunifahamisha.

Sikulifungua lile fundo mpaka mwenye kanzu alipokuja kuuliza kulikoni.

Najua ninaogopa nini, na niliandike liwe limeandikwa. Siogopi kufukuzwa barazani. Hatanifukuza. Atanipa “habari za asubuhi” mpaka mmoja wetu afe, na huko kufa ndiko kunakonitisha zaidi, kwa maana baba yangu alipofariki Bwana Nassoro ndiye aliyefika makaburini kabla ya shehe. Aliichukua fimbo ya marehemu, akaikalia, akasema hachimbwi mtu hapa mpaka Wanyamwezi wamlipe ushuru wa babu yake waliyemtupa njiani. Mama yangu, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alicheka. Alicheka akalia akacheka. Fimbo haikurudi mpaka tulipoikomboa kwa jogoo. Na hakuna aliyekasirika, kwa kuwa mtani akichukua kitu chako si haramu. Ndiyo sheria. Anachukua, unapiga kelele, unakomboa, mnakula.

Anachukua.

Nimeacha kalamu kidogo hapa, nikatoka uani, nikarudi.

Mama Mwajuma ananiuliza mbona natembea peke yangu nikihesabu vidole. Nimemwambia nawaza kazi. Si uongo.

Bwana Nassoro anafungua duka kesho asubuhi. Jumapili ni ya Festo kupumzika, si yake. Juu ya meza yake ya kukatia kuna fimbo ya mbao ya kupimia, yadi moja kamili, imeng'aa kwa mikono ya baba yake na yake. Bila hiyo hawezi kumuuzia mtu hata kitambaa cha kufutia jasho. Nitafika kabla hajakunywa chai. Sitasema hodi wala habari za asubuhi. Nitaingia, nitaichukua ile yadi, nitatoka nayo, nitakaa juu yake kwenye baraza mbele ya watu wote waendao sokoni, na nitaanza kushona.

Atatoka. Lazima atatoka.

Akisema, “Tafadhali nirudishie, Bwana Ramadhani,” nitasimama, nitampa kwa mikono miwili, na nitaanza kufungua miguu ya cherehani nitafute baraza jingine, maana nitakuwa nimepata jibu.

Lakini kama mtani wangu yumo bado ndani ya ile adabu, kama yupo walau kidogo, atapiga ukelele usikike mpaka Kitete.

Ee Mola, kesho nijalie niitwe mwizi.